Paa Nililolichora Marungu

Mwanangu Wakesho,

Umekwenda Mraru kumuaga nyanya yako, na mimi nimebaki hapa Voi na karatasi hizi. Nilikuomba usiharakishe kurudi kwa sababu nilijua sitaweza kuandika nikikusikia ukizunguka humu ndani. Kesho asubuhi unapanda treni. Habari za blanketi, za vyeti vyako na za kutompa mtu begi lako stesheni umekwisha ambiwa hadi umechoka, sitazirudia. Ninayotaka kukwambia hayahusu safari. Yanahusu shule unayokwenda, na babu yako, na mimi.

Unakumbuka siku uliyopata habari kwamba umekubaliwa kusomea usanifu wa majengo. Ulikuja jikoni na simu mkononi ukasema, “Mama, sikiza hii,” ukaanza kunisomea historia ya shule kutoka kwenye ukurasa wao. Ukasoma jinsi ilivyoanza wakati nchi ilipokuwa changa, na walimu wa kigeni na michoro ya nyumba zenye mabomba ya moshi. Ukasoma jinsi mkuu wa kwanza Mkenya alivyobadilisha shabaha yake, akasema mwanafunzi asichore nyumba ya mtu kabla hajakaa na mtu huyo. Halafu ukafika kwenye aya ya Marungu. Sauti yako ikapanda. Ulisoma kwamba wanafunzi wa mwaka wa tatu walikwenda Taita Taveta wakajenga madarasa mawili pamoja na wananchi, na kwamba madarasa hayo yanatumika hadi leo.

Ukaniambia, “Ndiyo maana nimechagua hii shule. Ilikuja kwetu.”

Nilikuwa namenya viazi. Sikugeuka. Wewe ulidhani nimeguswa, ukanikumbatia kwa nyuma ukaenda kuwapigia marafiki zako. Wakesho, aya hiyo niliiandika mimi. Ulijua tu kwamba nilisoma pale. Hukujua kwamba nilikuwa mmoja wa wanafunzi wale, wala kwamba babu yako Mwakio ndiye aliyekuwa fundi wa madarasa yale. Wewe unamjua babu aliyeacha ujenzi kwa sababu ya mgongo. Mgongo wake haukuwa na tatizo lolote.

Wacha nianze na shule, kwa sababu sitaki uichukie kwa makosa yangu. Nilipoingia, ile habari ya mabomba ya moshi ilikuwa imepita kitambo, lakini masalio yake yalikuwapo. Kulikuwa na kabati la michoro ya zamani, na sisi tulikuwa tukiifungua na kucheka. Vijana wa Kisumu na Machakos walikuwa wamechora nyumba zenye madirisha makubwa yaliyotafuta jua, kwa sababu vitabu vilivyotoka kwenye baridi vilisema jua ni la kutafutwa. Mwalimu Musembi, ambaye ndiye huyo mkuu wa kwanza Mkenya, hakupenda tucheke. Alisema wale hawakuwa wajinga, walikuwa watiifu tu, na kwamba utiifu wa namna ile ndio aliokuja shuleni kuupiga vita. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyevaa sweta moja mwaka mzima. Aliondoa mtihani wa kunakili nguzo za Wagiriki akaweka muhula wa kijijini. Darasa zima la mwaka wa tatu lilikuwa linakwenda mahali, linakaa na watu, linapima nyumba zao, linauliza, na mwisho linajenga kitu kimoja kidogo kitakachobaki na wenyewe. Wakubwa wa chuo walisema anapoteza wakati. Yeye akasema shule ya usanifu isiyojua kuuliza ni karakana ya picha.

Niliyapenda maneno hayo. Bado nayapenda. Ndiyo sababu ninachokuambia sasa kinaniuma zaidi.

Zamu ya darasa letu ilipofika, Mwalimu aliuliza nani anajua mahali panapohitaji kitu. Nikainua mkono. Nilisema kuna shule ya msingi huko Marungu ambayo madarasa yake mawili yalikuwa ya udongo, na watoto wa darasa la tatu walikuwa wanasomea nje. Nilisema pia kwamba kuna fundi mzuri upande ule. Sikusema fundi huyo ni baba yangu.

Tulifika kwa lori la chuo tukiwa na mahema. Wasichana tulikuwa wawili tu. Kamati ya shule ilitupokea kwa uji na mihogo, na baba alikuwa amesimama nyuma ya wanakamati, amevaa shati lake la kanisani na viatu vya matairi. Aliponiona alitabasamu, akaanza kupiga hatua kuja kwangu. Mwenzangu mmoja wa Nairobi aliniuliza kwa sauti ya chini yule mzee ni nani. Nikajibu, “Ni fundi.”

Nilidhani baba hakusikia. Alisikia. Hatua zake zilisimama. Kisha akaja kama walivyokuja wengine, akatoa mkono, akasema, “Karibu, injinia.”

Aliniita hivyo muhula mzima. Mbele ya watu nilikuwa injinia, na tukiwa peke yetu hakuniita chochote. Sijui kama utanielewa. Wewe umelelewa na mama unayemcheka mbele ya marafiki zako na yeye anacheka pamoja nanyi. Mimi nilikuwa msichana aliyetoka Mraru akakaa miaka miwili Nairobi akijifunza kuficha Kidawida kilichokuwa ndani ya Kiswahili chake na Kiswahili kilichokuwa ndani ya Kiingereza chake. Baba hakuficha chochote. Alikuwa akifungua mdomo naona kila nilichokificha kikitoka nje.

Darasa lilichagua mchoro wangu. Nilichora paa la mteremko mmoja, lililoinuliwa juu ya ukuta nafasi ya mkono mzima, ili hewa ya moto itoke na watoto wapate ubaridi. Upande wa juu niliuelekeza kwenye tambarare, ambako kutoka darasani ungeona nyika yote hadi milima ya Sagalla. Lilikuwa zuri, Wakesho. Hata leo nikifumba macho naona kwamba lilikuwa zuri. Mwalimu Musembi alisimama mbele ya mchoro, akaniuliza swali moja.

“Umewauliza wenyeji kuhusu upepo?”

“Mwalimu, mimi mwenyewe ni mwenyeji,” nikajibu.

Akaridhika. Hakujua kwamba Mraru na Marungu si mahali pamoja. Sisi kule tuna vilima vinavyotukinga. Marungu upepo unakuja kutoka nyikani bila kupata cha kuuzuia, na kabla ya mvua za vuli unakuja kwa hasira. Baba alijua kwa sababu alikuwa amejenga huko tangu ujana wake. Mimi sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

Kuta zilipanda vizuri. Tulipofika kwenye paa, baba alinijia mchana mmoja nikiwa peke yangu chini ya mti na karatasi zangu. Alibeba bati moja. Alisimama mahali pa wazi akaliinua juu ya kichwa chake kwa mshazari, kama nilivyochora. Upepo ulikuwa wa kawaida tu siku hiyo. Bati lilitaka kuondoka naye. Nilimwona akirudi nyuma hatua mbili, tatu, akilivuta, hadi akaliangusha chini na kulikanyaga. Kiganja chake kilikuwa kimekatika. Akaniambia kwamba paa hilo upepo utaliingia kwa chini, na kama sitaki kugeuza mteremko, basi angalau tufunge mbao kwa waya ulioshikwa ndani ya mawe, chini kabisa ya ukuta.

Nilikuwa nimeona. Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Sikuwa kipofu. Niliona kwa macho yangu lile bati linavyomvuta baba yangu. Lakini wenzangu walikuwa wanakuja kutoka kisimani na nilisikia sauti zao, na nikawaza kwamba watanikuta nimesimama nafundishwa na mzee mwenye viatu vya matairi. Nikamwambia, “Fundi, fuata ramani.”

Alifuata. Ila siku mbili baadaye nilimkuta juu ya darasa la upande wa mashariki, anafunga waya. Alikuwa ameununua mwenyewe. Waya ulipita juu ya mbao ukashuka nje ya ukuta mpaka kwenye vyuma alivyokuwa ameviingiza kwenye mawe. Ulionekana. Ulikata mstari wangu. Nikamwamuru aache. Alikuwa amemaliza darasa hilo moja, na alinitazama kutoka juu kama anayesubiri nifikiri tena. Sikufikiri tena. Akashuka na waya uliobaki begani. Ule aliokwisha kuufunga hakuufungua, na mimi sikuthubutu kumwambia apande tena.

Madarasa yalifunguliwa kwa nyimbo. Mwalimu Musembi alishikana mikono na baba akamshukuru. Nilipata alama za juu kuliko wote.

Mwaka uliofuata, wiki chache kabla ya mvua, upepo ulikuja wakati wa masomo ya asubuhi. Paa la darasa la magharibi liliondoka lote kwa mara moja, mbao na mabati, likaanguka uwanjani. La mashariki halikutikisika. Wengi wa watoto waliwahi kujikunja chini ya madawati. Mmoja, msichana wa darasa la tatu aliyeitwa Mshai, alikuwa karibu na mlango akakimbia nje. Bati lilimkuta huko. Halikumuua. Lilimkata mkono wa kulia juu ya kiwiko, na mkono huo haukunyooka tena.

Nilikuwa nyumbani likizo. Kamati iliitisha mkutano, na baba akaniambia nisiende. Nikaenda. Nilikaa nyuma kwenye benchi pamoja na akina mama. Mwenyekiti aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Madarasa ni mawili, fundi ni mmoja, mwezi wa kujenga ni mmoja. Mbona moja lilifungwa kwa waya na lingine halikufungwa? Waya ulikwenda wapi? Watu wakaanza kunong’ona, na niliona jinsi kile baba alichokifanya kwa kuwajali watoto kilivyogeuka ushahidi dhidi yake. Kama asingefunga waya wowote, wangesema ni upepo, wakamwachia Mungu. Kwa kuwa alifunga nusu, wakasema alikuwa anajua na akazembea, au akauza.

Baba alisimama. Nilidhani atanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na hata leo sijui ningefanya nini. Hakuangalia upande wangu kabisa. Alivua kofia.

“Nilikosea,” akasema. “Ni mimi.”

Akakaa. Mimi pia nilikuwa nimekaa. Mkutano ulichukua muda mrefu bado, na dakika zote hizo miguu yangu ilikuwa mizima na mdomo wangu ulikuwa mzima, na sikusimama. Nimefanya makosa mengine maishani, mengine unayajua kwa sababu yalikuhusu. Lakini nikiulizwa ni wapi hasa nilipoharibika, nitaonyesha benchi lile.

Tulirudi Mraru kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Karibu na nyumbani nikaanza kulia, nikasema nitarudi kesho nikawaambie ukweli. Akaniambia, “Na shule watakuachia umalize?” Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiuliza kama mtu anayepima kitu. Sikumjibu. Na kwa kuwa sikumjibu, tukakubaliana bila kukubaliana. Hatukulizungumza tena.

Kamati iliezeka upya, paa la kawaida la pande mbili, na mbao zikafungwa kwa waya. Baba hakuitwa. Baada ya hapo hakuna aliyempa kazi ya paa, Marungu wala Mraru. Alijenga kuta za mazizi na akachimba vyoo. Kisha akaacha hata hayo, akaanza kusema mgongo unamsumbua.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, shule ilikuwa inaadhimisha miaka yake, na Mwalimu Musembi akataka kijitabu cha historia. Aliniita ofisini akaniomba niandike sehemu ya vijijini kwa kuwa Marungu ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Aliniuliza madarasa yako vipi. Nikasema yako sawa. Alikuwa anakaribia kustaafu na macho yalikuwa yameanza kumtatiza, na nilimwona anavyofurahi. Nikaenda nikaandika. Nilichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe, nikitafuta lile ambalo halitanizamisha. “Madarasa hayo yanatumika hadi leo.” Yalikuwa yanatumika, ndiyo. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo, mwanangu, na ni uongo mtupu. Kijitabu kilichapwa. Miaka mingi baadaye mtu akakiweka kwenye mtandao, na ndipo kikakufikia wewe.

Utaniuliza kwa nini niliacha kazi ya usanifu nikaja kufundisha uchoraji wa ramani politekniki. Nimekuambia siku zote kwamba nilirudi kumuuguza babu. Ni kweli nilirudi akiwa mgonjwa. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miaka sita kwenye ofisi moja Nairobi, na kila nilipofika kwenye paa mkono wangu ulikuwa unasimama. Nilikuwa nawapa wengine wamalizie. Mkubwa wangu alidhani ni uvivu.

Babu alifariki ukiwa darasa la pili. Siku za mwisho mwisho nilijaribu kumwomba msamaha, akanipigapiga mkono akaniuliza kama nimekunywa chai.

Mambo yangebaki hivyo. Nilikuwa nimezoea, na mtu huzoea hata jiwe ndani ya kiatu. Lakini baada ya wewe kunisomea ile aya jikoni, sikulala vizuri kwa wiki mbili. Unakumbuka nilikwambia nakwenda mazishini Marungu. Hakukuwa na mazishi. Nilikwenda kumtafuta Mshai.

Sikumtafuta mbali. Ni mwalimu wa chekechea katika shule ile ile, kwenye darasa la magharibi. Nilimkuta akiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameukunja kifuani. Nilisubiri watoto watoke. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa fundi Mwakio, uso wake ulibadilika, lakini si kama nilivyotarajia. Alinipa kiti. Akanisimulia kwamba alipolazwa hapa Voi, baba alikuwa anakuja kila Jumapili na ndizi. Kwamba alipoona mtoto analia kwa sababu hataweza tena kuandika, alianza kuja na kipande cha ubao na makaa, akamwandikisha herufi kwa mkono wa kushoto, moja moja, yeye ambaye herufi zake mwenyewe zilikuwa za shida. Mshai alikuwa akimuuliza kwa nini paa lilianguka, na yeye akamjibu kwamba alilifunga vibaya.

Mimi sikujua kamwe kwamba alikwenda hospitali. Mimi sikwenda hata mara moja.

Nikamwambia Mshai yote. Bati, waya, mkutano. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

“Kila mwaka nawaambia watoto habari ya huu mkono, kwa sababu wanauliza,” alisema. “Nawaambia kulikuwa na fundi mmoja alikosea, lakini alikuwa mtu mzuri. Sasa wewe unataka niwaambie nini?”

Nilianza kusema samahani, akainua ule mkono mzima kunizuia. Alisema samahani yangu hana mahali pa kuiweka kwa sasa. Kama nina la kusema, kuna mkutano wa wazazi wiki ijayo, nije nilisemee pale palipoharibika jina la mwenye jina.

Ndiyo ile Ijumaa niliyokwambia nina kazi politekniki. Nilisimama, Wakesho. Miaka hii yote imepita na nilisimama mbele ya wazazi, wengi wao wakiwa wale waliokuwa watoto chini ya madawati. Usidhani ilikuwa kama kutua mzigo. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti wa siku zile bado yu hai. Alikuwa amekaa mbele na fimbo yake, na nilipomaliza aliinamisha kichwa akakaa hivyo hivyo. Mtu mmoja akasema ningekuja mapema, marehemu angefaidi. Mama mmoja akaniuliza kama nyanya yako anajua. Halafu wakaendelea na ajenda ya tangi la maji lililovunjwa na ndovu.

Nyanya yako hakuwa amesikia lolote kutoka kwangu. Nikaenda Mraru Jumapili iliyopita nikamwambia. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuacha. Akasema waya ule alimwona babu akiubeba kwenda, na akamwona akirudi na uliobaki, na kwamba mtu anayeishi na fundi anajua kuhesabu. Alijua miaka yote na alikuwa ananipikia na kunilelea mtoto. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia kwamba mume wake alimwomba asiseme, lakini hakumwomba asahau. Kisha akaniuliza kama wewe umeambiwa. Akasema, “Mtoto hawezi kwenda kuanza maisha kwenye sentensi yako. Umwambie kabla ya treni, usipomwambia nitamwambia mimi.”

Nimemsihi leo kwa simu aniachie mimi. Natumaini amekaza moyo. Kama ameshindwa na umeshasikia haya kutoka kwake, basi nisamehe kwa hilo pia.

Nimeiandikia shule. Nilieleza kilichotokea Marungu na nikawaomba wabadilishe aya ile. Mtu wa ofisini alinijibu kwa adabu kwamba watalifikiria watakapochapa upya. Nimeangalia leo asubuhi. Sentensi yangu bado iko pale.

Nimejiuliza kama Mwalimu Musembi naye alikuwa na kosa. Nadhani shabaha yake ilikuwa sahihi, na bado ni sahihi, na ndiyo maana nakuacha uende. Lakini sisi tulikuwa tunakwenda kijijini muhula mmoja, tunapanda lori, tunarudi kupewa alama. Historia ya ile shule imejaa safari za kwenda. Sikumbuki hata moja ya kurudi kuona paa linafanyaje baada ya mwaka, baada ya miaka kumi. Angerudi, huenda angeliona. Huenda mtu angeniuliza swali la pili baada ya lile la kwanza. Silisemi hili ili nijipunguzie. Nalisema kwa sababu wewe utapelekwa mahali fulani katika mwaka wako wa tatu, na utachora kitu, na watu watakushangilia. Rudi. Hata kama hakuna alama za kurudi. Rudi peke yako kwa basi ukaangalie.

Na kuna jambo lingine ambalo sijui nilisemeje. Wewe huoni aibu kwa sababu yangu, au sijakuona ukiona. Lakini itakuja siku, mbele ya watu unaowataka wakupende, utamwona mtu wako akija kwako na viatu vyake vibaya na kitu cha kweli mkononi. Sikwambii ufanye nini. Mimi nilijua la kufanya na sikulifanya, kwa hiyo kujua hakutoshi. Nakwambia tu kwamba inachukua muda mfupi sana, mfupi kuliko kusema neno moja, na mimi muda huo nimeuishi miaka yangu yote iliyofuata.

Watakapokupa historia ile usome siku ya kwanza, utajua. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Si kazi yako kunisafisha wala kunichafua. Ukitaka kuinua mkono useme kwamba fundi wa Marungu alikuwa babu yako na alijua kuhusu upepo, inua. Mimi sitakuwa na la kulalamika. Na ukiona huwezi tena kwenda pale, tutaketi kesho tuzungumze, treni zipo nyingine.

Nimefikiria kukutilia barua hii kwenye begi uisome ukiwa umeshapita Mtito. Ingekuwa rahisi kwangu. Ningekuwa huku, wewe ukiwa huko na hasira yako, na zingepita wiki kabla hatujaonana. Nimeona hiyo ni ile ile tabia yangu ya kukaa nyuma kwenye benchi. Kwa hiyo naiweka juu ya kitanda chako, utaiona ukiingia.

Nakusikia sasa hivi barabarani, unaongea na jirani. Sauti yako ni ya kucheka, nadhani nyanya amenyamaza. Mimi niko jikoni. Ukishamaliza kusoma njoo uniulize lolote, hata kama unauliza kwa ukali. Sitageuka kumenya viazi.

Mama yako,
Mkawasi